Kwa Mama Mkwe Aliyekaa Akitugeuzia Mgongo

Mama mkwe mpendwa,

Shikamoo. Natumaini baridi ya Mahenge haijakubana sana na miguu inaendelea kupata nafuu. Deo, shemeji yangu, wewe unayemsomea mama barua hii, soma yote. Usiruke hata pale nitakapokutaja.

Huku Ifakara mpunga umeshaingia ndani, watu wamerudi kutoka mashambani, na Jumapili iliyopita tumeanza tena msimu wetu wa muziki pale ukumbi wa parokia. Sisi ni walewale wanne: Sista Perpetua na fidla yake inayotuongoza, wenzetu wawili, na mimi na fidla yangu kubwa, ile unayoiita zeze la kukumbatia. Ukumbi ulijaa mpaka wengine wakasimama mlangoni. Tulipiga vizuri, watu wakafurahi, nami nikarudi nyumbani nikipiga mluzi njia nzima. Lakini nilikukumbuka, mama. Naweza kulisema hilo kwa sababu naandika. Mbele yako ningelitafuna nikalimeza.

Unakumbuka siku washenga wangu walipokuja kwenu Mkula? Mimi sikuwepo, ila nilisimuliwa na kila aliyekuwepo, na kila mmoja aliongeza chumvi yake. Walisema kijana ni Msukuma wa Katindiuka, analima mpunga, ng'ombe baba yake anao, na zaidi ya hayo anapiga fidla kubwa aliyofundishwa na masista. Wewe ukauliza kutoka chumba cha pili, "Na hiyo fidla inaliwa na mboga gani?" Washenga walicheka sana. Mimi nilipoletewa habari sikucheka. Mke nilipewa, nashukuru, lakini swali lako nalo nilipewa, nikaondoka navyo vyote viwili.

Ukaja kukaa kwetu Anjela alipojifungua Tekla. Hapo ndipo nilipoijua heshima ya mkwe ilivyo kazi. Nikitoka mlangoni, wewe unaingia jikoni. Nikirudi kutoka shamba, unajifunika kanga na kugeukia ukuta. Siku moja tulikutana uso kwa uso kwenye kichochoro cha sokoni. Wewe ukajitumbukiza kwenye duka la vipuri vya pikipiki, ukakaa humo unaulizia bei ya mnyororo mpaka nilipopita. Salamu zangu zilipita kwa Anjela, na marahaba yako ikarudi kwa njia hiyohiyo, hata kama kati yetu palikuwa na pazia tu. Kwetu Wasukuma mambo ni yaleyale, kwa hiyo sikulalamika. Nilicheka peke yangu tu.

Asubuhi nilikuwa nafanya mazoezi chumbani, wewe uko uani unatwanga. Nikipiga haraka, mchi unakwenda. Nikifika kwenye sehemu za polepole, mchi unanyamaza. Hapo roho yangu ilikuwa haitulii. Amesimama asikilize, au amechoshwa anamwomba Mungu nimalize? Nilitaka kujua jambo hilo moja tu: unaupenda muziki huu, au unanivumilia kwa ajili ya binti yako. Nikimtuma Anjela akuulize, alirudi na jibu lilelile, "Mama amenyamaza." Kunyamaza kwako nilikuwa ninako tayari, mama. Nilitaka kingine.

Kisha Sista Perpetua akaleta wazo la msimu: baada ya mavuno, kila Jumapili alasiri, watu wanne na muziki wa klasiki. Nadhani bado unaikumbuka Jumapili ile ya kwanza, maana ulikuwa nje, umetandika mkeka chini ya dirisha. Kwetu mpigaji akikukuna moyo, hukai kitini. Unanyanyuka unakwenda kumtunza. Tulipofika patamu, mama mmoja muuza samaki akaja mbele akicheza taratibu, akamfunga Sista kanga mabegani. Ikamnasa mkono wa upinde. Nyuma yake akaja mwingine na leso, akaanza kunifuta jasho, macho yangu yakafunikwa. Wimbo ukafia hapohapo, vigelegele vikapanda, na ukumbi mzima uliamini kwamba tumefaulu kupita kiasi.

Sista hakukasirika. Jumapili iliyofuata alisimama akasema, "Ndugu zangu, muziki huu zamani ulitungwa upigwe sebuleni, watu wachache, wametulia. Leo tusikilize mpaka mwisho, halafu mtunze mnavyotaka." Watu wakaitikia, "Tumekuelewa, Sista." Na kweli walielewa, mpaka utamu ulipowafika. Kila tulipotua kupumua, makofi. Kila fidla ilipolia kidogo, mtu na kanga yake.

Ndipo wewe ukaingia ndani. Sijui nani alikutuma. Nadhani ulichoka kusikia nyimbo zikikatwa kichwa. Watu walikupisha, na waliokufahamu walijua una shida: viti vyote vinatazama wapigaji, na mpigaji mmoja ni mkweo. Hukuhangaika. Ulichukua kiti cha plastiki, ukakipeleka mbele kabisa, ukakigeuza, ukakaa ukiwatazama watu, mgongo kwetu. Mzee mmoja akakuuliza, "Mama Anjela, sasa huko utaona nini?"

"Sikuja kuona," ukamjibu.

Sitasahau alasiri ile. Nani angethubutu kunyanyuka na kanga mbele ya macho yako? Kijana mmoja wa Mang'ula alianza kuinuka, ukamwambia kwa upole, "Kaa, baba. Hawajamaliza." Akakaa. Simu ya mtu ikalia, ukaigeukia ile simu mpaka ikaona aibu yenyewe. Kwa mara ya kwanza tulipiga wimbo kuanzia mwanzo hadi mwisho, na mimi nikasikia kumbe tunajua kupiga. Ulipopiga makofi, ndipo wote wakapiga, na kutunza kukaanza. Kuanzia siku hiyo kiti chako kiliwekwa hivyo bila mtu kuagizwa. Wageni kutoka mjini walidhani ni utaratibu wa Ulaya.

Lakini mama, kuna jambo sijawahi kukuambia. Jumapili ya mwisho ya msimu ule tulipiga ule wimbo mrefu wenye mtego. Karibu na mwisho fidla zote zinapanda, zinagonga kwa nguvu, kisha kimya. Kimya kirefu. Mtu yeyote angesema umekwisha. Lakini umebaki mkia mdogo, wa polepole, ninaouanzisha mimi peke yangu. Sista alikuwa amesahau kuwatahadharisha watu. Tulipogonga ile ya nguvu, ukumbi mzima ulinyanyua mikono upige makofi, nami nikajua tumekwisha, mkia umepotea.

Wewe ukainua kiganja kimoja.

Hakuna aliyekuambia. Hukuwahi kuusikia wimbo ule ukumbini, kwa sababu ndiyo kwanza tulikuwa tunaupiga. Mahali pekee ulipoweza kuujua ni uani kwangu, asubuhi zile. Ulikuwa umeushika wote, pamoja na kunyamaza kwake. Nilichelewa kuingia, mama, Sista akanitupia jicho. Yeye alidhani nimesahau, kumbe macho yamejaa machozi. Nikaanza. Uso wako sikuweza kuuona, nikawatazama watu waliokuwa wanakutazama. Wote walikuwa wanatabasamu, hata yule mzee, kama watu walioshika mtoto mchanga.

Usiku nilimwuliza Anjela, "Mama alikuwaje pale mwisho?" Akasema, "Alifumba macho, anatabasamu. Sijamwona hivyo tangu baba alipokuwa hai." Nililala kwa furaha, nikamwamsha mara mbili aniambie tena. Mara ya pili alinifukuza kitandani.

Hata hivyo, moyo wa mtu haushibi. Masika yalipoanza na miguu ikakusumbua, Deo akaja kukuchukua mwende kukaa Mahenge, ukaaga kila mtu na mimi nikaagwa kupitia Tekla. Nilisimama nyuma ya nyumba nikisikiliza gari likiondoka. Nilijisemea, mama ameushika wimbo wangu wote na bado hajaniambia neno hata moja. Labda inatosha. Nilijaribu kuamini kwamba inatosha.

Jumapili iliyopita, bila wewe, watu walijitahidi. Walivumilia nyimbo mbili nzima. Wa tatu ukawashinda, akaja yule mama muuza samaki na kanga mpya. Sista siku hizi amekuwa mjanja. Akimwona mtu anacheza kuja mbele, anatupa ishara tunatua, anafungwa kanga yake, anashukuru, tunaendelea pale tulipoachia. Tulicheka wote. Ulikuwa muziki mzuri wenye viraka.

Jumatano simu ikalia, namba ya Deo. Nikaanza, "Shemeji, habari za huko?" Nikasikia pumzi. Kisha nikakusikia.

"Mkwe, ni mimi. Kwa simu hatuonani."

Nilisimama. Nilikuwa nimekaa, nikasimama.

"Watu hungoja mtu afe ndipo wamletee kwaya. Mimi sitaki. Ule wenu wa mwisho, wenye kunyamaza halafu unarudi, naupenda. Njoo unipigie nikiwa bado nasikia."

Nilifungua mdomo, ukafunguka tu. Mwisho nikasikia sauti ya Deo, "Shemeji, mama ameshaingia ndani. Unasemaje?" Hata yeye sikumjibu. Ndiyo maana umeletewa barua badala ya jibu.

Nimeongea na wenzangu. Sista amekubali kabla sijamaliza kusema, na wale wawili wameuliza tu kama kwenu kuna kuku. Msimu wa mwaka huu tutaufungia uani kwako. Fidla kubwa itakaa kiti cha mbele na dereva, mimi nitabanana nyuma na Tekla na Anjela. Majirani wako waje na kanga zao. Wakitaka kutunza katikati, watunze. Pa kukaa utachagua mwenyewe.

Siku ile sauti ilinikauka, mama. Leo haijanikauka, na sijamtuma mtu. Tunakuja.

Mkweo akupendaye,
Baba Tekla