Mikono Yangu, Maneno ya Waziri

Jumanne, 11 Juni

Mabega yanauma. Mchana kutwa ndege za kivita! Waziri wa fedha anasoma bajeti, mimi kwenye kona ya ukumbi wa Bunge, mbele ya kamera ya televisheni, nawatafsiria viziwi kwa lugha ya alama. Serikali inanunua ndege mpya kabisa. Wabunge wanapiga meza utadhani wamepewa funguo wakazijaribu. Mpinzani mmoja kauliza adui ni nani. Kajibiwa ni siri ya ulinzi. Ebo! Adui siri, bei siri—kodi yangu tu ndiyo inayojulikana.

Kisha, mwishoni, haraka haraka: fedha za mabweni ya shule za viziwi zitasubiri. Bweni la binti yangu! Bila bweni anarudi nyumbani, na huku hakuna shule inayojua lugha yake. Nikayatafsiri hayo kwa mikono hii hii.

Jumatano, 12 Juni

Binti kanipigia kwa video. Shule nzima ilitazama. Mama, kwa nini ulisema bweni lisubiri? Nikamweleza: mkalimani hasemi yake. Waziri akisema "mimi", nami nasema "mimi". Akajibu: Lakini ilikuwa mikono yako. Kakata simu.

Nimelia hadi wali ukaungua.

Alhamisi, 13 Juni

Leo waziri kasema hakuna mtoto atakayeumia. Mikono ikatafsiri kila neno. Uso ukagoma! Na kwetu uso ni nusu ya maneno. Mdomo ulinipinda, macho nikayabinua—viziwi nchi nzima wakamwona waziri anajicheka mwenyewe. Video imesambaa. Hata wanaosikia wanacheka.

Bosi wa matangazo kaniita. Eti nimemtukana mheshimiwa. Nikamwambia sikuongeza hata neno. Akasema nikirudia, kazi sina. Na karo ya binti inatoka kwenye kazi hiyo hiyo. Nilitamani kummwagia chai yake. Nikasema, sawa bosi. Najichukia kwa hiyo "sawa".

Jumanne, 18 Juni

Mapumziko. Naandikia chooni. Tukirudi, waziri anafunga hoja, halafu kura. Bosi amekuja mwenyewe, kasimama nyuma ya kamera. "Dada, leo nataka uso mtulivu." Mtulivu! Uso mkavu anao waziri, akamwombe yeye.

Shule imeleta wanafunzi. Wako juu, kwenye viti vya wageni, sweta za kijani. Ukumbi mzima unamtazama waziri. Wao wananitazama mimi. Hawana pengine pa kumsikia.

Binti alinasa macho yangu kabla hatujatoka. Akaniuliza kwa alama ndogo, mikono karibu na tumbo, walinzi wasione: Mama, leo utasema ya nani?

Mikono yangu ilikuwa bado hewani, inasema usalama wa taifa.

Kengele hiyo. Bosi anagonga mlango, ananiita. Nimenawa uso kwa maji baridi, nikanawa tena. Kwenye kioo bado umekasirika—