Mkuu wa Kaya Yetu

Newala

Kwa Mjomba Fakihi, Chiungutwa.

Shikamoo, Mjomba. Natumai kile kikohozi ulichopata ukipuliza salfa kwenye mikorosho kimekuacha. Mama Kurwa hajambo? Huku kwa dada yako sote wazima, ila magoti ya Mama ndiyo yaleyale. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi ya kumaliza sentensi.

Utafiti wetu wa maji umekwisha. Uliwahi kuniuliza kwa nini chuo kilete watu wa fani tatu kuuliza jambo moja. Hata mimi nilijiuliza. Glory ni mhandisi, anapima mapaa. Dickson ni mchumi, anapima vipato. Mimi ndiye wa mila na jamii, nasikiliza. Tulibishana msimu mzima kama mawifi jikoni.

Tulitakiwa kuishauri halmashauri ni nyumba zipi zianze kupewa matangi ya kuvuna mvua. Dickson alitaka kila nyumba itaje mkuu wa kaya, na tangi liende kwa mkuu. Kwao Moshi hilo ni swali jepesi. Basi akina mama wa hapa, mmoja baada ya mwingine, wakamjibu kwamba mkuu ni kaka yao. Wewe unajua: kwetu watoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye anayeozesha, anayesuluhisha, anayeitwa mambo yakiharibika. Dickson hakujua. Akaamua kwamba wakuu hao wanaishi Masasi, Ndanda na huko kwenu, kwa hiyo matangi yawafuate. Glory alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka, Mjomba. Tangi la Mama lilikuwa limekwisha kupangiwa kwako, wewe mwenye bomba mlangoni, na dada yako aendelee kushuka bondeni na ndoo!

Nilimweleza Dickson, naye si mtu mbaya. Aliuliza sana, akaelewa. Ila alisema hawezi kubadili majibu ya watu akiwa mezani, lazima wayabadili wenyewe mkutanoni. Wiki iliyopita tukaita mkutano. Nani atangulie kumvua kaka yake ukuu mbele za watu? Wanawake wote wakanitazama mimi, mtoto wa hapa niliyekwenda kusoma.

Sasa Mjomba, kaa kwanza. Nilisimama nikasema mkuu wa kaya yetu ni Mama. Nikakutaja kwa jina, nikasema si wewe. Niliona aibu sana. Baada yangu wakasimama wengine, hata mabibi. Habari hii itakufikia imetiwa chumvi, nikaona heri uipate kwangu.

Mama hajanisemesha tangu siku hiyo. Jirani yetu Rahima ndiye aliyeniambia kwamba Mama analalamika nimempa tangi nikamnyang'anya kaka. Maji atapata, lakini kaka ni wewe tu wa kumrudishia. Tafadhali njoo kabla ya mvua. Mafundi wamefika mara mbili kuuliza tangi likae upande gani wa nyumba, na Mama amewarudisha mara zote mbili. Anasema mwenye kusema hilo yuko Chiungutwa.

Wasalimie wote hapo nyumbani, na Kurwa mwambie namkumbuka.

Mpwa wako,
Shamila