Alama ya Uadilifu ya Umazi

Jumatatu, 8 Septemba

Maji tena. Tangu saa moja nimesimama langoni nikipokea mitungi. Lita tano kila mwanafunzi, na asiye nazo anarudishwa nyumbani. Kinango hatujaona mvua ya maana tangu mwezi wa tano. Silanga ya karibu, hilo bwawa la mvua tunalolitegemea sote, imebaki tope kando kando. Mwalimu mkuu anauita huu mradi wa maadili: watoto wanamwagilia bustani ya mboga, wanajifunza uwajibikaji, nasi tunawapa alama. Bustani yenyewe haina hata jani. Maji yanaishia kwenye mapipa ya nyumba za walimu, langu likiwamo. Yanayobaki ni ya mbuzi wa mwalimu mkuu.

Nimechoka kujifanya sioni.

Alhamisi, 11 Septemba

Aibu tupu.

Afisa wa elimu alikuwa aje saa nne kuukagua mradi. Alfajiri mwalimu mkuu kaleta mafungu ya sukuma wiki kutoka sokoni, na mashina yake. Kaamuru darasa langu, gredi ya tisa, wayachomeke ardhini kwa mistari. Mwanzoni watoto walicheka. Kisha wakainama wakachomeka kwa bidii, na bidii yao hiyo ndiyo iliyoniumiza. Mimi nilishika kamba ya kunyooshea mistari. Nina hasira, na kamba nimeishika.

Afisa akapiga picha, akasifu. Akaingia darasani, akauliza uadilifu ni nini. Umazi akasimama. Mtoto mpole, hainui mkono ila akiitwa. Akaamkia kwanza kwa adabu zote, kisha akasema:

"Uadilifu ni kusema kwamba mboga zile zimechomekwa leo asubuhi. Ukizivuta zitatoka, hazina mizizi. Na maji yetu wanakunywa mbuzi."

Afisa alicheka kidogo, akatazama saa. Akaondoka bila kuvuta hata shina moja. Huyo ndiye mkaguzi tuliyeletewa.

Ijumaa, 12 Septemba

Nimejaza alama za maadili. Ngazi nne, kuanzia anayezidi matarajio hadi aliye chini ya matarajio. Umazi, uadilifu: anazidi. Sijawahi kutoa alama kwa moyo mweupe namna hii.

Baada ya swala mwalimu mkuu kaniita ofisini. Anataka nimshushe hadi chini kabisa, uadilifu na heshima pia. Nikamuuliza kosa la mtoto ni nini. Akasema mtoto aliyelelewa hamvui nguo mkubwa wake mbele ya wageni. Kisha, taratibu, akanikumbusha kwamba Umazi ameombewa nafasi ya ufadhili katika sekondari ya juu ya bweni, na barua ya kumpendekeza huandikwa na yeye.

Nimekataa. Mlango wa ofisi nimeubamiza. Sijutii.

Jumatano, 17 Septemba

Mama Umazi alikuja. Mjane, anauza makaa kandokando ya barabara kuu pale Samburu, mji mdogo wa huku kwetu. Leo kaacha biashara yake kwa ajili ya upuuzi huu. Mwalimu mkuu kamwita, kamwambia Umazi akikiri kwenye gwaride la asubuhi kwamba alidanganya, barua ataiandika siku hiyo hiyo. Asipokiri, asahau bweni.

"Mwalimu, nisaidie kumwambia aombe radhi, mambo yaishe," akaniomba. "Sisi hatuna mtu wa kutusemea."

Nilitaka kumwambia asikubali. Lakini mimi ni nani wa kumwambia hivyo? Anayehatarishwa si mwanangu. Nikamwita Umazi. Alitusikiliza mpaka mwisho, mikono nyuma. Akaniuliza swali moja tu.

"Mwalimu, nawe uliziona. Nikisema nilidanganya, wewe utasema nini?"

Nikamwambia aamue na mamake. Jibu la mtu mwoga. Tangu saa hiyo linanirudia kichwani na siwezi kulinyamazisha.

Jumatatu, 22 Septemba

Amesema.

Mbele ya shule nzima. Kwamba alimsingizia mwalimu mkuu na anaomba radhi. Sauti haikutetemeka. Watoto walioyachomeka mashina yale kwa mikono yao wenyewe wakaamriwa wapige makofi, wakapiga. Mimi niliangalia viatu vyangu.

Mapumziko ya chai hayajafika, mwalimu mkuu kanijia anatabasamu. Eti sasa Umazi amekomaa. Nimwandikie uadilifu: anazidi matarajio.

Ndiyo alama ile ile! Nilimpa kwa kusema kweli, wakataka ashushwe. Leo anapewa kwa kusema uongo, na mimi sina hata herufi moja ya kubadilisha. Nilitaka kuichana ile karatasi ya alama nimrushie usoni. Lakini ndiyo inayopelekwa pamoja na barua ya mtoto. Sikuichana. Nimekaa nayo mbele yangu.

Tumemfunza kitu leo, hilo halina shaka. Atalikumbuka kuliko hesabu zote.

Namchukia mtu yule. Nami leo sijipendi.

Jumamosi, 27 Septemba

Jana niliwaambia watoto wasinijazie tena pipa. Leo asubuhi nimekwenda silanga mwenyewe na mtungi wa lita ishirini. Nimemkuta Umazi.

"Shikamoo, mwalimu."

Nikaitikia marahaba. Akanionyesha upande ambao maji hayajavurugwa na ng'ombe. Barua imeandikwa, akasema, na mamake amefurahi. Yeye hakusema kama amefurahi. Tukachota. Nilipomaliza nikamwambia mboga zile zilichomekwa, na kamba niliishika mimi.

"Najua, mwalimu," akasema.

Akainama, akanitwika mtungi, akaushikilia mpaka ukatulia kichwani. Nimerudi nao polepole. Njiani maji yamemwagika kidogo, shingo inauma. Yaliyobaki nimeyamimina kwenye pipa.