Fundi wa Chini ya Gari

Jumatatu, 1 Agosti 2005. Kitale.

Gia ya tatu imeguna tena nikitoka kazini. Kama mzee anayeamshwa. Jirani amesema nipeleke gari kwa fundi. Nimemwambia mimi ndiye fundi wangu. Amecheka. Maneno hayo hayo niliyasema Krismasi mbele ya wakwe kule Myanga, na chumvi juu.

Ijumaa nampeleka mama mkwe Bungoma, akatolewe mtoto wa jicho. Sasa yuko Saboti kwa dada yake, anangoja gari langu. Daktari wa macho anakuja siku hiyo moja. Akipita, amepita. Mama hata mlango anaupapasa.

Kesho namwaga oili ya giaboksi, natia mpya. Kitabu nimekisoma. Kurasa zilizobaki.

Jumanne, 2 Agosti

Jeki, mawe, karai la kufulia la mke wangu (Mama Naliaka hajui). Nati ya chini imefunguka bila kelele. Oili imetoka nyeusi, inanuka mayai viza. Nilijiona daktari. Halafu nikaenda kwa nati ya ubavuni, ile ya kujazia. Imekataa. Nimevuta, nimegonga, nimeomba. Pembe zote zimeisha, imebaki duara kama kifungo.

Mwenye akili huanza na hiyo ya kujazia. Ikikataa, oili bado iko ndani na gari linatembea. Labda hayo yalikuwa kwenye kurasa zilizopotea. Giaboksi ni kavu na sina pa kutilia. Mjinga kabisa mimi.

Jumatano, 3 Agosti

Aibu. Bado iko moto.

Mchana nilikuwa chini ya gari, kifua wazi, kaptura iliyopasuka, miguu nje. Naitukana spana malaya, ile inayokubali kila nati isipokuwa yangu. Naitaja kwa jina lake lote, kwa sauti. Nikasikia fimbo ikigonga changarawe. Mama mkwe. Amechoka kungoja Saboti, mpwa wake kamwacha langoni. Mama Naliaka yuko sokoni.

Kwetu Wabukusu mtu hampi mama mkwe mkono, hakai karibu naye, hapigi naye gumzo. Kumwonyesha mwili ndiyo usiseme. Hata ndani ya gari angekaa nyuma, na kioo cha katikati nikigeuze kitazame paa. Na mimi huyu hapa, nusu uchi.

"Fundi, hiyo spana imekukosea nini?"

Fundi! Nikakumbuka macho yake. Shetani akanikopesha sauti, nene, ya kutoka puani.

"Nati imekataa, mama."

Akajiketisha kwenye ngazi ya mlangoni. "Tengeneza vizuri, bana. Hiyo gali ni ya mkwe wangu. Watu wetu wanasema ati ni mdomo tu. Mimi nawakatalia. Huyo hawezi kuniangusha."

Tone la oili likanidondokea shingoni. Nilistahili.

"Na mlango ukikataa," akasema, "si unatafuta dirisha?"

Nimemdanganya mtu asiyeona. Mama wa mke wangu. Nimelala chini nikisifiwa. Mama Naliaka alipomwingiza ndani, nilikimbilia chooni nikajifungia.

Alhamisi, 4 Agosti

Dirisha lipo. Liko ndani ya gari. Nimetoa kifuniko cha mpira, nikafungua gia liva, na shimo lake linatazama giaboksi moja kwa moja. Faneli na kipande cha mpira wa maji. Oili imeingia polepole kama uji kwa mgonjwa, kwa kipimo cha kitabu. Ukurasa huo ulikuwepo.

Gia ya tatu imenyamaza. Mama Naliaka ameuliza fundi wa jana alikuwa nani. Nimesema wa mtaa wa pili. Uongo juu ya uongo.

Ijumaa, 5 Agosti. Bungoma.

Tumefika. Kioo kilitazama paa njia nzima. Tukipita Matulo, huko nyuma mama akamwambia binti yake, "Fundi yule anajua kazi." Masikio yaliniwaka hadi hospitalini.

Jicho limefanyiwa upasuaji, salama. Tumemwacha kwake Myanga.

Njiani kurudi nimemwambia Mama Naliaka yote. Aliuma leso, mabega yakicheza. Halafu akasema, "Baba Naliaka, hiyo ni faini. Toa kuku."

Jumapili, 14 Agosti. Kitale.

Mama Naliaka amerudi kutoka Myanga. Bandeji imetoka. Mama anaona vizuri, ameshaanza kulaumu ufagiaji wa wajukuu.

Kuku wa faini tuliyempelekea, mama amemkataa. Ati, "Faini ya nini? Mimi na mkwe wangu hatujapiga gumzo. Niliongea na fundi. Na ni macho yalikuwa mgonjwa, si masikio." Ameagiza fundi awe anavaa shati.

Nimekaa kwenye ngazi, pale alipokaa yeye. Ukiwa hapa unaona miguu ya mtu aliye chini ya gari vizuri sana.

Nati bado ni duara. Nimemfungua kuku kamba. Ameingia chini ya gari.