Walikulilia Ungali Mzima

Deo ndugu yangu,

Familia ya Maman Cibalonza, pamoja na majirani wote wenye pua, inasikitika kukutangazia kifo cha jogoo wao, yule aliyekuwa anawika saa nane za mchana kama mlevi aliyeamka vibaya. Alitutoka Jumapili baada ya misa ya pili. Mazishi yalifanyika siku hiyohiyo ndani ya sufuria, kwa nyanya, kitunguu na pilipili kidogo. Mimi nilipewa shingo. Wale ambao hawakualikwa wahesabu tangazo hili kuwa mwaliko.

Hiyo ndiyo habari nzuri. Nimeiweka mbele kwa sababu zilizobaki ni mbaya, na wewe hukuwahi kupenda barua inayoanza kwa kulia. Ulisema barua ya namna hiyo ni ya kuomba kitu.

Haya basi. Direkta wa shule amechanganya darasa lako na langu. Watoto wamebanana kwenye mabenchi mpaka mmoja akikohoa benchi zima linatikisika. Wananiambia Mwalimu Deo alikuwa anafundisha nusu na robo kwa kukata muhogo. Nikasema na mimi si mjinga, nikaja na muhogo. Wakala somo lote kabla sijafika kwenye robo. Ungeniona, Deo, nimeshika kisu na ubao hauna kitu. Ungecheka mpaka ushike ukuta.

Ninacheka peke yangu siku hizi, na haifai, watu wananiangalia.

Ninataka nikukumbushe ile siku ya kura, maana ndiyo iliyotuleta hapa, na ninaogopa hata mimi nitaanza kuisahau jinsi wanavyonisukuma niisahau. Darasa lako ndilo lilikuwa biro ya kura, kituo cha mtaa wetu. Wewe prezida, mimi sekretere. Ulikuja na koti la ndoa yako, lile ambalo vifungo vyake viliacha kukutana zamani, nikakuambia, "Prezida, tumbo lako limejiandikisha kupiga kura peke yake." Ukaniambia ninyamaze, mimi ni sekretere tu.

Lakini sanduku lilipofunguliwa hukutania tena. Ulisoma kila karatasi kwa sauti, ukaigeuza mashahidi wa vyama waione, polepole, kama padre anavyoinua hostia kwenye misa. Mimi ninarudia jina, ninapiga mstari ubaoni. Shahidi wa yule Mheshimiwa aliyekuwa anagombea kiti alikuwa mbele kabisa, karibu akukalie. Aliona kila kitu. Aliweka saini yake chini ya karatasi ya matokeo kama wengine, akatushukuru. Na gundi ilipokwisha kabla hatujabandika matokeo mlangoni, ni mke wako, Maman Nabintu, aliyetuletea bugali baridi katika sahani, ule ugali wa jana, tukapaka mlango, tukabandika. Ulisema hata mvua ya Bukavu haitaweza bugali ya bibi yako, ile ngumu. Maman Nabintu alikuwa nyuma yako. Nilisikitika kwa ajili yako.

Basi Mheshimiwa alishindwa. Ninamwita hivyo kwa sababu jina lake kamili siku hizi linanipa kikohozi. Alikosa kiti kwa kidogo, na hicho kidogo kilitoka shuleni kwetu. Kura zetu zikifutwa, kiti kinarudi kwake. Hesabu ilikuwa rahisi hivyo, hata bila muhogo.

Kwanza alimtuma Papa Gaspard. Gaspard wetu, anayeimba sauti ya nne pembeni yangu kanisani, aliyemshika mtoto wako wakati wa ubatizo. Alikaa kwenye kiti chako akasema, "Ba mwalimu, mulikosea kidogo, ni mambo ya kurekebisha tu, na watoto benu balale na amani." Na wewe ukamjibu, bado ninasikia ile sauti: "Gaspard, matokeo iko ku mulango. Tulibandika na bugali. Kama Mheshimiwa iko na njaa, aende alambe."

Nilicheka sana. Leo ninajiuliza kama ningekukanyaga mguu chini ya meza, ungekuwa bado hai.

Kisha zikaanza simu. Simu zisizosema kitu, mtu anapumua tu. Kisha zinazosema. Walijua saa unayotoka, walijua jina la shule ya binti yako. Ulikuwa unaniambia ni vijana wenye vocha za simu za bure. Lakini ulianza kupita njia ya nyuma ya soko la Nyawera, katikati ya wabeba mizigo, wewe ambaye hukupenda kusukumwa.

Halafu majani.

Kwetu, mtu akikuta majani ya migomba yamesimamishwa mwanzo wa kichochoro, haulizi. Kuna kilio ndani. Anavua kofia, anaingia. Asubuhi ile majani yalikuwa yamesimama kwenye kichochoro chako, mabichi, yamefungwa vizuri kabisa, na wewe ulikuwa ndani unanyoa ndevu.

Waliotaka kukutisha walisahau kitu kimoja: watu wetu wanakuja. Akina mama wa parokia waliingia wa kwanza, wanalia toka barabarani, mmoja na makala ya kupikia kichwani, mwingine na sukari, mwingine amebeba masufuria ya kilio yenye jina la jumuiya. Papa Gervais, yule jirani anayesema mwenyewe kwamba ni mshauri wa mtaa, alifika akasimama katikati ya uwanja akaanza hotuba. Alisema marehemu alikuwa mtu wa kutoa, hakujua kunyima. Na marehemu akatoka na povu shavuni, akasema, "Endelea, Papa Gervais. Hapo ku kutoa, sema tena, bibi yangu asikie."

Maman mmoja alizimia. Wengine walikupiga kwa viganja kuona kama wewe ni nyama. Tulichemsha chai na ile sukari yao, tukanywa wote, na kwa muda mrefu nilikuita mtu pekee wa Bukavu aliyekunywa chai ya kilio chake mwenyewe. Ulicheka.

Baada ya hapo hukula vizuri tena. Ulienda kwa dada yako, kule Miti, ukakaa kidogo, ukarudi kwa sababu ya watoto wa darasa. Nilikuambia ukae huko. Ulisema, "Zaka, nani atabafundisha? Weye?" Na kwa kweli jibu lilikuwa hapana, umeona ile habari ya muhogo.

Ulianguka kwenye ngazi za udongo, zile zinazopanda shuleni, ukiwa na daftari za watoto mkononi. Daktari alisema ni tansio, damu ilipanda. Hakuna aliyekupiga, Deo. Hakuna wa kushitaki. Walikuua kwa kupumua kwenye simu.

Sasa nikuambie kitu ambacho wewe peke yako hukukiona. Mimi ndiye niliyekata majani ya kweli. Niliyasimamisha mwenyewe kwenye kichochoro, nikayafunga, nikakaa uwanjani kungoja watu. Viti vya parokia tulikuwa tumevipanga. Na watu hawakuja. Wanafika pale barabarani, wanaona majani, wanavuka upande mwingine. Nilimsikia mtu akisema, "Banamutisha tena Mwalimu Deo, tupite huku, tusiingie mu mambo yabo." Mwingine alicheka kabisa. Alisema kwa sauti, ili umsikie ndani, "Mwalimu, safari hii sileti sukari!"

Tulikuwa Maman Nabintu, watoto wako, bibi yangu na mimi. Na viti vitupu. Ilibidi nisimame barabarani kuwaambia watu mmoja mmoja: ni kweli, safari hii ni kweli, amekufa. Wengine waliniuliza, "Una hakika?" Mimi, Deo. Wananiuliza kama nina hakika.

Walifika mwishowe, jeneza lilipofika, na walilia kwa huzuni na aibu juu yake. Papa Gervais hakuweza kutoa hotuba. Alisema maneno yake aliyamaliza mara ya kwanza.

Udongo wa kaburi lako ulikuwa haujakauka Gaspard alipokuja tena, kwangu sasa. Alikuwa na karatasi iliyokwisha kuandikwa kwa mashini. Ilisema kwamba wewe, prezida wa biro, ulibadilisha kura baada ya mashahidi kutoka, na kwamba mimi sekretere nilikuona lakini niliogopa. Nitie tu saini, kisha niende kuyasema mahakamani, kwenye kesi ya Mheshimiwa ya kufuta kura zetu. "Zaka, mufu haendi gereza. Haumuumize. Weye uko na watoto." Kisha akasimama, akavaa kofia, akasema kama mtu anayeagana baada ya kwaya: "Migomba bado iko mingi kule Walungu, ndugu yangu. Haiishake."

Nilimwambia bibi yangu. Unamjua Maman Esther, alikupenda, alikuita shemeji kwa sauti ambayo hajawahi kuniitia mimi. Alilia, kisha akafuta macho, akasema, "Tia. Deo ni shemeji yangu, lakini Deo hawezi kufa mara ya pili. Weye unaweza." Niliangalia watoto wakivaa viatu vya shule, nikaiweka karatasi mfukoni.

Hapo ndipo nilipo, ndugu yangu. Nimechoka kiasi kwamba hata nikisali ninajikuta ninakueleza wewe badala ya Mungu. Yeye ana kazi nyingi, na wewe ulikuwa mvivu siku za Jumamosi.

Sasa mahakama. Mtaani wanasimulia kwamba nilisimama kama simba. Kwamba nilichana karatasi mbele ya majaji na kumwonyesha Mheshimiwa kidole. Muuza mikate amekataa nisimame kwenye foleni, ananiita Kamanda. Sijawasahihisha, ni maneno matamu kusikia. Lakini wewe sitakudanganya, maana wewe ulikuwa unanijua kutoka shule ya waalimu, ulijua ni nani aliyelala chini ya kitanda siku ya fujo.

Kilichotokea kweli ni hiki. Niliondoka nyumbani nikiwa nimekubali. Karatasi ilikuwa mfukoni, haina saini, lakini kalamu ilikuwa pembeni yake. Njia nzima nilikuwa ninajifundisha maneno: marehemu alibadilisha, niliogopa, marehemu alibadilisha, niliogopa. Niliyasema mpaka yakakaa mdomoni kama wimbo. Gaspard alikuwa ananingoja mlangoni, akanipangusa vumbi begani.

Nikaingia, na Maman Nabintu alikuwa amekaa benchi ya mbele. Hakuna aliyemwita. Amevaa nguo nyeusi, ameshika kipochi kwa mikono miwili. Hakuniangalia vibaya. Hakuniangalia kabisa. Alikuwa anaangalia mahali nitakaposimama.

Jaji aliniuliza, "Marehemu alibadilisha kura, ndiyo au hapana?" Nikafungua mdomo kusema yale maneno ya njiani, na hayakutoka. Si ujasiri, Deo. Ujasiri sikuuona hata mlangoni. Nilimwogopa bibi yako kuliko nilivyomwogopa Mheshimiwa. Basi. Nilikuwa na woga wa aina mbili, nikaufuata ulio mkubwa. Nikasema, "Hapana." Jaji akasema hasikii. Nikasema tena. Akasema paza sauti, na watu nyuma wakaanza kucheka, na sauti ilikuwa haipandi, inatoka kama ya mtoto asiyefanya kazi ya nyumbani. Mara ya tatu ndipo ilipofika. Avoka wa Mheshimiwa, wakili wake, aliniuliza ni nani atakayenishuhudia, nikasema shahidi wa mteja wako mwenyewe, alikuwa mbele, alitia saini. Yule shahidi alikuwa ndani ya chumba. Aliangalia viatu vyake.

Karatasi sikuichana. Ilianguka kutoka mfukoni nilipotoa kitambaa, na mtu akaikanyaga.

Na haikusaidia kitu. Wiki iliyofuata kura za shule yetu zilifutwa zote, wakasema kuna mashaka. Mheshimiwa amekaa kwenye kiti. Gaspard bado anaimba sauti ya nne, mimi nimehamia benchi nyingine, na kwaya imelegea upande mmoja. Maman Esther na watoto nimewapandisha gari ya Walungu kwa mama yake. Hakuniaga vizuri. Alisema umenioa mimi au umemwoa Deo. Mimi nimebaki kwa sababu ya watoto wa darasa, kama mjinga mmoja ninayemjua. Simu inaita. Mtu anapumua. Ninaogopa, Deo.

Nenda ulale, ndugu yangu. Ahadi ninayoweza kukupa ni ndogo, usinidai kubwa: watakaponiuliza tena, popote, kwa sauti yoyote itakayokuwa imebaki, nitasema nililoliona. Ulisoma kila karatasi. Uliigeuza waione. Nilirudia jina, nikapiga mstari. Hukubadilisha hata moja.

Zaka wako