Nusu ya Uso

Chumba cha kunyolea,
Jumatatu, baada ya mvua.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta umeshakunywa chai na magoti yako yamekusamehe leo. Je, kile kikohozi kimekwisha, au bado unakibeba kama mtoto wa kulea? Sisi hapa ni wazima. Watoto wanakua na kula, na mke wangu anasema safari hii usije na mizigo, uje na siku nyingi. Mimi ndiye nina neno, na limenikaa kooni tangu kiangazi.

Shangazi, macho yangu yananichezea. Ilianza kazini. Nilikuwa namnyoa mwalimu mmoja, mteja wangu wa siku nyingi, nikaona kwenye kioo doa dogo linalomemeta karibu na pua yake. Nikafuta kioo kwa taulo. Doa likabaki, likapanuka, likawa mstari wa meno meno kama ya msumeno, unaowaka na kuhama polepole kuelekea pembeni. Kila lilipopita halikuacha uso. Mwalimu alibaki na jicho moja na nusu ya mdomo, na bado anaendelea kunisimulia habari za mitihani.

Unatujua sisi vinyozi, watu tunawaona kwa kioo kuliko kwa macho. Basi nikasema kioo kimeharibika. Nikakishusha, nikanunua kingine, na nyumbani nikajisifu. Halafu siku moja tuko mezani, nikainua uso kumwomba mke wangu chumvi, nikaona upande wake mmoja hauko. Hapakuwa na kioo hapo. Niliogopa, Shangazi, sikufichi. Nikamwambia, "Nusu yako haipo." Akaweka kijiko chini, akanishika mkono, akasema, "Basi kaa na hii iliyobaki mpaka nyingine irudi." Ilirudi kabla chakula hakijapoa.

Daktari wa macho alinimulika, akasema macho hayana kosa, hiki ni kipandauso. Nikabisha. Kipandauso nakijua, ni kichwa kupasuka, na changu hakiumi, kinakuwa kizito tu baadaye. Akanieleza kwamba kipo cha namna hii pia, kinachoanzia ndani ya ubongo na kuchezea kuona. Akasema wengi wana kitu kinachokiamsha, nikitafute changu.

Tangu hapo nimekuwa mpelelezi wa mwili wangu mwenyewe. Nilianza na kahawa, nikaiacha, nikawa mkali hata wateja wakaniogopa. Nikashuku spiriti ya kupaka kidevuni. Nikashuku njaa, maana siku za foleni nasahau kula. Nikaona labda ni feni, kwa kuwa mapanga yake yanakatakata mwanga wa taa juu ya kiti, nikaizima. Wateja wakatoka jasho, mimi nikapata amani kidogo, nikatangaza ushindi. Siku ile ile doa likaja, feni imezimwa na tumbo limejaa.

Lakini doa lenyewe si baya kama kulisubiri. Nanoa wembe huku nimetega sikio, kama mtu anayesikia hatua ndani ya nyumba na anajua yuko peke yake. Hata likikaa majuma bila kuja, mimi niko nalo.

Juma lililopita lilinikuta wembe uko shingoni mwa fundi viatu, jirani yetu. Koo lake likatoweka. Nalihisi kwa kidole, linapumua, lakini silioni. Nikauondoa mkono, nikaweka wembe mezani, nikamwomba asubiri kidogo. Mwenyewe hana subira. Akainuka na ndevu za upande mmoja, akaenda kuwaambia watu kinyozi amelewa, hata mikono haimtii. Mtaa ukamalizia: mtoto wa nyoka ni nyoka. Tangu siku hiyo nanyoa kwa mashine tu, na sijui kama nitaushika wembe tena.

Ndiyo sababu nimekuandikia. Baba alishika wembe kwenye chumba hiki hiki, akauacha ghafla, na ukoo mzima ukasema ni pombe. Aliitwa Mzee Chupa mpaka kaburini. Waliompa jina hilo wameshatangulia, umebaki wewe dada yake uliyelala naye chumba kimoja utotoni. Niambie, alikuwa akikaa na kuziba jicho mchana kweupe? Usinifurahishe. Kama alikunywa, sema alikunywa, nitameza. Lakini kama hakunywa, tulimzika na jina la mtu mwingine.

Mimi nakumbuka jambo moja tu. Alikuwa akikaa kimya kwenye kiti chake, nami nikimkimbilia ananyoosha mkono hewani na kusema, "Hamia upande huu, mwanangu, nikuone." Wakubwa walicheka, wakaniambia nimwache, amelewa. Nilihama, nikidhani ni mchezo. Alinuka sabuni ya kunyolea, Shangazi. Hakunuka kitu kingine.

Na Ijumaa binti yangu alirudi kutoka shule, akasimama mlangoni na mkoba wake, nikasikia sauti yake lakini yeye simwoni. Maneno yale yale yakanitoka, na kwa sauti ya Baba. Akahama huku anacheka.

Nisalimie mumeo, na binamu zangu wote wawili, yule mshonaji na yule wa mabomba ya maji. Mungu akulinde, akuachie macho mazima, siku ukifika utuone sote kwa pande zote mbili.

Wako akupendaye na anayengoja neno lako,
Kitindamimba wa kaka yako.