Kuchora Mji Bila Kuchungulia

Jumatano, Kawangware 46

Sasa hata nikifunga macho naona raundabauti.

Mwalimu wetu wa udereva alitukataza kusoma kwa macho tu ule mji wa mfano uliochorwa kwa ubao, ule tunaosukumia vigari vya mtihani. Funika, alisema, chora kwa kichwa, halafu ulinganishe. Penye umekosea ndipo hujui. Mtihani ni kesho, na kazi ya kuendesha basi la shule haitaningoja nikifeli. Kwa hivyo leo nimechora nyuma ya kalenda ya mwaka jana.

Mara ya kwanza nilisahau hospitali. Sawa. Mara ya pili bwanangu, Mutua, akaja kuangalia na kikombe chake cha chai.

"Na huyu amekaa kwa barabara ni nani?"

Nikaangalia. Kando ya raundabauti nilikuwa nimechora mtu, mwavuli na jiko.

"Mama wa mahindi."

"Kwa mtihani kuna mama wa mahindi?"

Hakuna. Lakini mimi sijawahi kuona barabara zikikutana bila mtu kuchoma kitu hapo. Mkono ulijichorea. Mutua alicheka mpaka akamwaga chai kwa shule ya msingi niliyochora.

Nimechora tena. Hospitali iko, shule iko kavu, mama nimemtoa.

Shida ni kwamba nikisukuma kifuniko cha soda kama gari kufanya mazoezi, nikifika pale bado nampisha. Mutua anasema mara ya mwisho hata nilimpigia honi kwa mdomo.